Taa Mbili za Mama Picha

Sehemu ya Tisa

Mshumaa ukawaka, na kivuli kilichoketi ukutani hakikuwa cha mwanamume.

Hapo ndipo tulipomwacha Mama Picha, msomaji, njiti ya kiberiti ikimuunguza kidole naye asisikie. Alasiri imegeuka giza kwa mvua. Umeme umekatika. Kwenye kigoda cha studio ameketi mteja aliyetaka picha ya pasipoti, mwanamume mpana wa mabega, mikono imejaa makovu ya moto. Lakini kwenye kitambaa cheupe nyuma yake kuna kivuli cha mwanamke, shingo ndefu, nywele zimefungwa kisogoni.

Mama Picha alikijua kisogo kile. Kilikuwa chake.

"Usipige kelele," alisema mteja. "Utamshtua mtoto huko mbele."

"Nani kakwambia napiga kelele? Simama nikuone."

Akasimama. Kivuli cha mwanamke kikasimama pia, lakini kwa kuchelewa, kama mgonjwa anayeinuka kitandani.

Na mshumaa, ambao haumpendelei mtu, ukatoa siri ya pili. Nyuma ya Mama Picha, kwenye pazia linalotenganisha studio na chumba cha mbele, kulikuwa na kivuli cha mwanamume. Bega moja lilikuwa kubwa kuliko jingine, kama la mtu aliyelelewa na nyundo.

"Mhunzi," alisema Mama Picha.

"Nipo."

"Umechelewa."

"Uliniambia nisije kamwe."

"Nilikwambia. Mwanamume mwenye akili angekaa mwaka mmoja, akajifanya amesahau, akaja. Wewe umekaa karne na karne."

Mhunzi akacheka. Kicheko kilikuwa kilekile cha zamani.

"Na hilo shati la kijani," aliendelea Mama Picha, maana mwanamke anayejizuia kulia hutafuta la kusema, "nani kakuuzia? Umefanana na mlango wa zahanati."

Msomaji uliyelikosa gazeti wiki zilizopita, sogea pembeni nikueleze upesi, mshumaa wenyewe ni kipande.

Hawa wawili ni wachawi. Majirani zao wa zamani waliwaita hivyo, na majirani hawakukosea. Zamani sana, homa ilipoingia mjini kwao, nyuma yake alikuja mzee wa mkoba aitwaye Mpimaji. Mpimaji hubeba kamba. Hamjui mtu kwa uso, kwa sababu nyuso zote kwake ni uso mmoja. Yeye hupima kivuli. Kipimo kikilingana na kamba, hufunga fundo, na mwenye kivuli huondoka naye kwenda mahali ambako hajarudi mtu.

Siku hiyo Mpimaji alikuwa na kamba mbili, ya Mhunzi na ya mchumba wake. Ndipo wapenzi hao walipotumia kanuni wanayoijua wachawi wachache. Mbele ya mwanga mmoja, ukitamka jina la mtu, lile la kwanza alilopewa na mama yake, na ukalitamka kama lako, kivuli chake huhamia miguuni mwako. Mwanamume akajiita kwa jina la mwanamke. Mwanamke akajiita kwa jina la mwanamume. Mpimaji akaja, akapima, vipimo vikakataa, akaondoka akikuna kichwa. Hajaacha kuwatafuta.

Dawa iliponya, lakini ilikuwa chungu. Vivuli vilivyobadilishwa vikikutana mbele ya mwanga mmoja huitana, na Mpimaji husikia. Kwa hiyo walikimbiana siku ileile, kila mmoja akiburuta kivuli cha mwenzake. Hawakuzeeka. Hawakufa. Hawakuonana.

Sasa umeelewa kwa nini mwanamke huyu alichagua kazi ya picha. Taa moja kulia, taa moja kushoto, kila moja inafuta kivuli kinachotupwa na mwenzake. Katika mji mzima, chumba hiki kisicho na dirisha ndicho mahali pekee alipoweza kusimama kama watu wengine. Na binti yake wa kulea, Mama Picha alimfundisha jambo moja tangu akiwa mdogo wa kupanda kigoda ili aifikie swichi: mteja akiwa ndani, washa zote mbili kwa pamoja, usiwashe moja kamwe.

Liweke hilo akilini. Litatuumiza.

"Umefuata nini?" aliuliza Mama Picha.

"Tazama ulivyokonda." Mhunzi alikuwa akionyesha ukuta. "Kilikuwa kivuli kizito hiki. Nikichomelea mageti ya watu kinakaa pembeni yangu, nakihadithia mambo ya siku nzima. Sasa hata jua la mchana linakipita. Kikiisha, sitabaki na chako chochote."

"Yaani wewe unazungumza na kivuli changu?"

"Kwani wewe changu hukisemeshi?"

Ukweli ni kwamba miaka yote hiyo Mama Picha alilala pembeni mwa kitanda, akaacha nafasi upande wa ukutani, na kila asubuhi aliisalimu nafasi ile kabla ya kuvaa viatu.

"Turudishiane," alisema Mhunzi. "Kila mtu achukue chake, tuzeeke. Nataka kuona mvi zako. Nataka unikaripie mpaka meno yatutoke. Mpimaji atapita kwa zamu yake kama anavyopita kwa kila mtu, huko mbele sana, atukute tumeshashiba."

"Na akipita leo?"

"Nimemwacha mbali. Nimepanda magari, nimeshuka, nimepanda mengine. Nimempoteza."

"Wewe uliyekuwa unapotea ukitumwa chumvi, ndiye umempoteza Mpimaji?"

"Tumeshaonana, mama. Vimeshaitana. Ni kurudishiana au kukimbiana tena. Sema lipi."

Mama Picha akatazama pazia. Ng'ambo yake alisikia sauti ya binti yake akicheka na mtu.

"Nina mtoto," alisema.

"Wa kuokota."

"Wa kulea! Lirudie hilo neno uone kama hujatoka humu na kigoda shingoni."

"Basi, yaishe. Nasema tu kwamba watu hupita. Umezika wangapi mpaka sasa?"

Hilo lilimchoma pabaya. Aliwazika wengi: waume wawili wa kuficha upweke, mashoga wa kusukana nywele, na watoto wa kulea ambao walizeeka mbele ya macho yake mpaka wakamwita yeye mwanangu.

"Huyu hatazikwa na mimi," alisema polepole. "Huyu ndiye atakayenizika. Mama azikwe na mwanawe, ndivyo ilivyo haki, na ndicho pekee ninachokitaka duniani. Haya. Turudishiane."

"Taja jina lako, basi."

Mama Picha akafungua kinywa, akakifunga. Alikuwa ameitwa majina mengi mno, katika miji mingi mno. Lile la kwanza lilikuwa limezama chini ya mengine yote.

"Silikumbuki," alisema, na kwa mara ya kwanza machozi yakamshinda.

"Mimi ninalo," alisema Mhunzi. "Sijapitisha siku bila kulitamka."

Akamwinamia, akamnong'oneza sikioni. Mama Picha naye akamnong'oneza la kwake. Majina hayo siyaandiki hapa, msomaji. Si kila kitu ni cha gazetini.

Tuwaache hapo wakiwa wameshikana mikono, tuvuke pazia.

Katika chumba cha mbele, Binti alikuwa ameegemea kaunta, na kwenye benchi alikuwa ameketi mzee mmoja mwenye mkoba magotini. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ajili ya mvua, na mwanga pekee ulikuwa wa simu ya Binti.

"Babu, umeme wenyewe ndio huu. Si urudi kesho?"

"Nimesubiri mengi, mjukuu wangu. Nitashindwa na mvua?"

"Mmekuja pamoja na yule wa shati la kijani?"

"Tumeongozana. Yeye hajui tu."

Binti akacheka. "Una vituko, babu. Unataka picha ya nini? Kitambulisho?"

"Sipigwi picha mimi. Nimewafuata wanaopigwa."

"Na hizo kamba mkobani? Fundi cherehani?"

"Napima," alisema mzee kwa upole. "Sishoni."

Binti alikuwa bado anacheka pale balbu ya kaunta ilipowaka. Umeme umerudi!

Na hapa, msomaji, usimlaumu. Mkono wake ulifanya kile ulichofundishwa tangu utotoni. Kuna mteja ndani. Mama hapendi kivuli. Mkono ukaenda kwenye swichi iliyo kando ya pazia, ukazibonyeza taa zote mbili kwa pamoja.

Wakati huohuo, ndani, wapenzi wawili walikuwa wamesema, "Mimi ni," na kila mmoja amekwisha kulitaja jina lake.

Vivuli vilikuwa vimetoka. Kile cha mwanamke kilibanduka miguuni mwa Mhunzi, kile cha mwanamume kikabanduka miguuni mwa Mama Picha, vikatambaa juu ya kitambaa cheupe. Vilipofika katikati vikapishana, na kabla ya kuachana vikasimama kidogo, uso kwa uso, kama watu wanaoagana baada ya safari ndefu.

Taa zikawaka. Kulia na kushoto. Kitambaa kikawa cheupe pee.

Kukasikika sauti kama ya nguo kuukuu inapochanwa. Halafu umeme wa siku za mvua, ambao hauna adabu, ukazimika tena.

Mshumaa ulikuwa bado unawaka juu ya meza. Mhunzi akaunyanyua, akaushusha mpaka miguuni mwake. Hakuna kitu. Akaupeleka miguuni mwa Mama Picha. Hakuna kitu.

"Vimekwenda wapi?" aliuliza Mama Picha. "Niambie tena jina langu, haraka, niseme!"

Mhunzi akafumbua mdomo.

"Limetoka," alisema. "Nililibeba humo kivulini. Limetoka na chenyewe. Hata la kwangu silioni."

Mama Picha alipomtazama mwenzake, aliona kitu kilichomtisha zaidi. Mhunzi alikuwa anaanza kutabasamu.

"Hebu fikiri," alisema Mhunzi kwa sauti ya chini. "Hatuna vivuli. Atapima nini? Hana kitu cha kupima! Si leo, si kesho, si milele. Na tuko pamoja."

"Ulisema unataka mvi zangu."

"Nilikuwa sijui kuna hili."

Pazia likavutwa. Binti alikuwa amesimama hapo, simu imezimika, mkono mmoja kiunoni kama mtu aliyebeba gunia.

"Mama," alisema, "mbona ghafla nimekuwa mzito hivi?"

Mwanga wa mshumaa ulimpiga kifuani, ukapita ubavuni mwake, ukatupa nyuma yake, juu ya sakafu ya chumba cha mbele, vivuli vitatu. Cha katikati kilikuwa chake. Kulia kwake alisimama mwanamke mwenye shingo ndefu. Kushoto, mwanamume mwenye bega la nyundo. Vilipofukuzwa na taa mbili vilikimbilia kivuli cha karibu, na cha karibu kilikuwa cha Binti, chini ya balbu ya kaunta.

Vichwa vya vivuli hivyo vitatu vilifika mpaka kwenye miguu ya mzee wa benchi. Mzee akavitazama. Kisha, taratibu, akaufungua mkoba.

"Loo," alisema. "Na mimi nilidhani nimekuja kuchukua wawili."

Mama Picha akamjua. Hukuhitaji kumwona Mpimaji mara mbili ili umkumbuke. Akaruka, akapuliza mshumaa. Penye giza hakuna kivuli, na pasipo na kivuli hakuna kipimo.

Mpimaji naye akausukuma mlango wa nje.

Mwanga wa kijivu ukaingia, mwanga mmoja, wa baridi, pamoja na harufu ya matope. Sasa ulimpiga Binti mgongoni, na vivuli vikageuka, vikaanguka mbele yake, vikalala sakafuni mwa studio mpaka kwenye vidole vya mama yake.

"Babu, unafanya nini?" aliuliza Binti, maana mzee alikuwa amepiga magoti na kuitandaza kamba sakafuni. "Mama, huyu mzee anafanya nini?"

"Njoo huku! Toka mlangoni!"

Binti akajaribu kunyanyua mguu. Mguu haukunyanyuka.

Mpimaji akaivuta kamba kutoka kisigino cha Binti hadi kwenye kisogo cha kivuli cha mwanamke. Ikalingana. Haikupungua, haikuzidi.

"Hatimaye," alisema, bila furaha, kama mtu anayemaliza kazi aliyoichoka.

"Si yeye!" Mama Picha alipiga magoti mbele yake. "Hicho ni changu. Nitazame mimi. Ni mimi uliyenikosa siku zile za homa. Nitazame!"

"Simjui mtu kwa uso, mama. Hilo mnalijua, ndilo mlilonichezea." Akainua kichwa. "Lakini mlinifundisha. Tangu siku ile siamini kivuli peke yake. Siku hizi nauliza na jina."

Akamgeukia Binti, akalegeza sauti mpaka ikawa ya babu kweli.

"Mjukuu wangu, unaitwa nani?"

Swali jepesi. Mtoto wa chekechea hulijibu. Lakini Binti akafungua kinywa, na ndani ya kinywa chake mlikuwa na majina matatu, yote yana ladha moja, yote yanataka kutoka.

"Mimi," alisema. "Mimi ni..."

Mama Picha akaliita jina la binti yake. Jina alilompa yeye mwenyewe, akiwa amemfunga kwenye khanga siku ya kwanza. Akaliita tena kwa nguvu. Binti akageuka kidogo, akatazama nyuma yake, kama mtu anayedhani kaitwa mwingine.

"Mwanangu, ni wewe! Nakuita wewe!"

"Mwache ajibu," alisema Mpimaji.

Mvua ikakatika. Juu ya bati kukawa kimya kabisa. Katika kimya hicho, mbele ya mwanga mmoja, Binti akameza mate, akasema, "Mimi ni," kisha akataja jina.

Halikuwa lake.

Mama Picha alilisikia, na fahamu zake zote zikageuka kulitazama. Aliliona ua la nyumba ya mama yake. Aliisikia sauti ya mama yake ikimwita aje ndani. Lilikuwa jina lake yeye. Limerudi, na linatoka kwenye midomo ya mtoto wake.

Mpimaji akaikunja ncha ya kamba, akaanza kufunga fundo.

Bado hakuwa amechelewa, msomaji. Fundo lilikuwa halijakazwa. Mwanga mmoja ulikuwepo mlangoni. Jina alikuwa nalo sasa. Alihitaji tu kusema, mimi ni fulani, na kivuli kingetoka miguuni mwa mtoto, kingerudi kwake, na kamba ingemchukua yeye. Binti angemzika. Si ndicho alichokitaka? Kimekuja mapema tu.

Mama Picha akavuta pumzi.

"Mimi ni..."

Mkono mkubwa ukamziba mdomo kutoka nyuma. Ulikuwa na joto, ulikuwa na makovu ya moto, na ulinuka chuma. Alikuwa ameuota mkono ule karne zote.

"Nyamaza, mpenzi," alinong'ona Mhunzi. "Ni mtoto mmoja tu. Nyamaza kidogo, yataisha."

Sakafuni, Mpimaji akaanza kukaza.